Maji Hayajakomaa

"Bado," binti alisema, akiweka kichupa kitupu mezani. "Muuza samaki amesema maji hayajakomaa. Nirudi tena Jumamosi."

Baba yake, mwalimu wa udereva aliyestaafu, alishusha pumzi. Tangi la kioo lilikuwa limekaa sebuleni, mahali pa kabati la vyombo: maji ya chumvi, mchanga mweupe, mawe yenye matundu, pampu inayonguruma. Samaki hakuna, hata wa dawa.

Wageni walilitazama wakauliza samaki wako wapi. Mkewe hakukosa jibu.

"Mwenzenu anafuga mawe," aliwaambia. "Hayali, hayasumbui."

Muuza samaki wa mapambo alikuwa ameeleza tangu mwanzo kwamba maji mapya humuua samaki. Unatia matone ya amonia, sumu yenye harufu kali, unasubiri vijidudu vizaliwe kwenye mawe na kuila. Ikishaliwa yote, ndipo samaki aingie. Kila wiki yeye muuzaji apelekewe maji kidogo, ayadondoshee dawa yake. Yakigeuka kijani, bado yana sumu. Yakiwa manjano, ni salama.

Goti la mzee lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo binti akajitolea kuyapeleka. Mzee alishangaa, maana binti huyo alikuwa mfamasia mwenye kazi nyingi, na kutumwa dukani alikuona adhabu. Lakini kila Jumamosi alitoka na kichupa, amependeza, akarudi saa ya chakula na jibu lilelile: kijani.

"Huyo kijana anatuzungusha," mama alisema hatimaye. "Umeona wapi muuzaji anayekataa kuuza? Anamtaka mtoto, ndiyo maana hamwachi apumzike."

Maneno hayo yalimwingia mzee. Jumamosi iliyofuata, kabla binti hajatoka chumbani, alichota maji mwenyewe akaenda dukani akichechemea, amejaa maneno mpaka kooni.

Muuza samaki alikuwa kijana mpole, vidole vimesinyaa kwa kushinda majini. Alimwamkia, akadondosha dawa, wakasubiri. Maji yakawa manjano. Akapima mara ya pili. Manjano.

"Mzee, haya ni ya tangi lilelile?"

"Lilelile. Kwa hiyo leo yamekomaa kwa sababu nimekuja mimi?"

Kijana hakusikia hata kejeli. Alikuwa amekunja uso, akigeuzageuza kichupa kwenye mwanga.

"Basi sielewi," alisema. "Nimehangaika na maji yenu mpaka nimeuliza walionifundisha kazi. Anayoleta dada kila wiki yananuka amonia mbichi, utadhani imetiwa hapo mlangoni. Namweleza cha kufanya, anakaa anasikiliza mpaka mwisho, wiki ijayo yanakuja vilevile."

Mzee alimtazama usoni, akatafuta hila, asiione. Hasira ilimtoka taratibu, na kicheko kikaanza kumpanda.

"Kesho njoo nyumbani uyapime mwenyewe, mwanangu," alisema. "Umpunguzie binti yangu kazi ya kuyatia sumu njiani."