Vidonge kwenye Unga wa Wimbi

Jelagat aliacha kumeza dawa Jumatatu moja ya Aprili 2008, mimba ikiwa na miezi mitano. Hakumwambia mtu. Hata kwamba alikuwa akizimeza hakuna aliyejua pale nyumbani Kaptembwa, isipokuwa mwanawe Kiptanui, na Kiptanui alikuwa haongei.

Ana miaka mitatu na nusu, lakini mwepesi ajabu. Redio ikilia zile pi pi pi za saa moja, kabla ya habari, tayari ameshika kikombe cha maji. Mama anachimbua kopo la unga wa wimbi, anatoa vidonge vilivyofungwa pamba, maana kwenye chupa vinapiga kelele na mama mkwe ana masikio. Anameza. Kisha anaweka kidole mdomoni, na mtoto anaweka chake. Ndivyo walivyofanya mara mbili kwa siku, tangu mtoto alipojua kutembea.

Ilibidi iwe siri. Shemeji yake alifukuzwa kwa ugonjwa huohuo wa Ukimwi, godoro lake likachomwa mbele ya watu. Jelagat aliuona moshi.

Kiptanui alianza na "mama" na "maji" kama wenzake, halafu akanyamaza kabisa. Kogo, mama mkwe, alisema kwao hakujawahi kuzaliwa bubu, akamtazama Jelagat kama mbuzi mgonjwa aliyeuziwa. Kipngeno, mumewe, aliendesha lori la Mukesh mwenye duka la mabati. Kila Jumamosi alirudi kutoka Mai Mahiu na ndizi, akamwinamia mtoto, akangoja aitwe baba. Jelagat hakuweza kumtazama wakati huo.

Kwenye benchi la kliniki ndiko alikopewa jibu, na aliyempa ni mwanamke anayeitwa Cheptoo, ambaye hakuwa hata na mtoto.

"Hizo dawa ukimeza na mimba zinakula ubongo wa mtoto," alisema. "Si unaona wako?"

Sista Chepkurui, muuguzi, alikataa katakata. Alimweka Kiptanui chini, akampa vipande vya mbao, mtoto akajenga mnara wa vipande tisa bila kuuangusha. Akapanga picha, akafunga vifungo vya shati. Masikio yalipimwa, yakawa mazima. Sista alisema watoto wengi waliozaliwa na mama wanaomeza dawa hizo amewaona wakikua vizuri, na kwamba dawa ndiyo ngao ya huyu aliye tumboni.

"Sasa mbona haongei?" Jelagat aliuliza.

"Hiyo sijui, mama Kiptanui."

Laiti angedanganya kidogo. Cheptoo hakujua kitu lakini alikuwa na jibu, na mwenye jibu ndiye anayesikizwa. Jelagat aliapa kwamba huyu wa pili atazungumza, hata ikimgharimu yeye mwenyewe uhai. Aliendelea kwenda kuchukua dawa kila mwezi asishukiwe, akazifukia zote kwenye wimbi, kopo likajaa.

Alijifungua Agosti, nyumbani, kwa mkunga, asije akaulizwa maswali. Ni msichana, wakamwita Jepkorir. Alilia mpaka majirani wakaja kuchungulia. Jelagat alimsikiliza akilia na akafurahi jinsi ambavyo hakuwa amefurahi kwa miaka mitatu. Huyu ana sauti, alijiambia. Huyu nimemwokoa.

Kufikia Oktoba mtoto alikuwa amekonda, ana kikohozi kisichoisha. Sista Chepkurui alimtoboa kisigino, damu ikatumwa mbali kupimwa. Majibu yalirudi Desemba. Jepkorir alikuwa na virusi. Sista hakumgombeza Jelagat. Aliandika tu, akampa chupa ya dawa ya maji na kumwonyesha kipimo. Afadhali angemgombeza.

Jioni hiyo Kogo alikuwa kanisani. Redio ikalia saa moja, Kiptanui akaleta kikombe chake cha maji kama kawaida. Jelagat akambinyia mtoto mchanga dawa mdomoni. Ilikuwa chungu, Jepkorir akaitema yote kifuani, akapiga kelele ya kuezua paa. Jelagat akamlaza kitandani, akatoka mbio kwenye mfereji kulowesha kitambaa kabla Kogo hajarudi na kuuliza.

Aliporudi mlangoni alisikia sauti ndani. Sauti ya mtoto, nyororo, isiyo na kigugumizi. Alidhani ni mtoto wa jirani ameingia, akaogopa kwamba chupa ya dawa ameisahau peupe.

Hakukuwa na mtoto wa jirani. Kiptanui alikuwa amemwinamia dada yake, kidole kimoja mdomoni mwake na kingine kwenye midomo ya mtoto.

"Usilie," alikuwa akimwambia. "Mama alisema tukitaja dawa, baba atatufukuza. Usiongee kabisa. Fanya kama mimi."