Kisu Kisichosikia

Siku hizo, kwa amri ya serikali, kila kisu kilikuwa na sikio. Lilifichwa ndani ya mpini, na likisikia mtu anafoka au analia, ala ya chuma ilifyatuka ikafunika makali mpaka nyumba itulie.

Nakundwa Mshana, fundi visu wa Usangi, aliyatia masikio hayo kwenye kila kisu alichouza, shingo upande. Kisha mdogo wake, Namsifu, akafiwa na mumewe. Kila akishika kisu apike, kwikwi inampanda, kisu kinajifunga. Wiki tatu mjane anakula mkate mkavu.

"Dada, hata kitunguu kimenikataa," alisema asubuhi moja.

Asubuhi ileile Nakundwa akawasha tanuri. Akamfulia kisu kipana kutokana na springi kuukuu ya lori, kama babake alivyomfundisha, mpini mti mtupu.

Mkaguzi wa visu alikuja Jumanne, Namsifu akiwa jikoni, nyuma ya pazia la karakana. Akavitazama visu vilivyotundikwa ukutani. "Vyote vina masikio, mama?"

"Si unaviona?"

Mkaguzi akatabasamu. "Nasikia shemeji yako alikufa kwa pombe."

"Toka kwangu, mshenzi wee!"

Visu vyote ukutani vikajifunga kwa mpigo mmoja. Nyumba ikawa kimya, isipokuwa nyuma ya pazia, ambako kisu kimoja kiliendelea kukata vitunguu.

Mkaguzi akageuza shingo. Nakundwa angeweza kukohoa, na mdogo wake angeelewa. Hakukohoa.

"Kata, mdogo wangu," akapaza sauti. "Kata vyote."