Maji Yaliyowekwa Juani

Jumamosi ambayo Wangila hakurudi, mama yake, Dinah, alikuwa amemwekea beseni la maji juani, uani kwao Kanduyi. Kijana alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Bungoma hadi Lodwar, akawa njiani kurudi, na Dinah alijua angefika na vumbi la jangwa mwili mzima. Maji yalipata moto. Jioni yakapoa. Habari zikaja kesho yake.

Tangu hapo, kila Jumamosi, Dinah aliweka maji.

Mwaka na nusu baadaye, Ijumaa alfajiri, Jotham alisimama kwenye kona moja karibu na Kainuk, ameishika baiskeli ya Wangila. Nyuma yake kulikuwa na mchanga na miiba hadi macho yanapokoma. Mbele kulikuwa na mlima. Ni yeye aliyekuwa wa mwisho kumwona kijana huyo akiwa hai.

"Wangila," aliita, ingawa hapakuwa na mtu ila mbuzi. "Twende nyumbani."

Hivyo ndivyo inavyofanywa upande wa Bungoma. Aliyefia njiani huitwa pale alipoangukia, na anayemrudisha humweleza safari yote: hapa tunavuka mto, hapa tunapanda. Baiskeli ilikuwa imelala kituo cha polisi muda wote huo, na Dinah alikataa katakata iletwe kwa gari. Iliondoka kwa magurudumu yake, itarudi kwa magurudumu yake. Wapwa zake walijitolea, akawakataa. Akamtaja Jotham, mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye goti bovu, na kumpa sharti moja: afike kabla jua la Jumamosi halijazama. Akichelewa, lango litafungwa, na asimpigie simu tena.

Saa nne jua lilikuwa likichoma lami. "Wangila, hili ni daraja la Marich," Jotham alisema akihema. "Sasa tunapanda."

Alikuwa katikati ya mlima lori liliposhuka likipiga honi. Jotham alijitupa kando pamoja na baiskeli, akabaki amelala kwenye changarawe hata baada ya lori kupita.

Lori jingine, lililokuwa likipanda, lilisimama. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Jotham! Ni wewe? Tangu uache barabara hatukuoni, bana!"

"Ni mimi, Kemboi."

"Ati unapanda Marich na baiski? Na hilo goti? Tupa hiyo kitu huko nyuma nikufikishe Kitale."

"Hapana. Lazima itembee yenyewe."

Kemboi aliitazama baiskeli, akaitambua. Utani ukamtoka usoni. "Lakini hiyo maneno si iliisha kotini?"

"Kotini iliisha," Jotham alisema. "Nyumbani bado."

Penye mwinuko mkali alisukuma kwa miguu. Alifika Kapenguria goti limevimba, akalala na nguo zake.

Jumamosi asubuhi alipita Kitale. "Wangila, hii ni Kitale. Baridi imerudi. Mahindi yametoa ndevu." Aliendelea kuteremka, mashamba yakimpita kulia na kushoto, na kwa mara ya kwanza akaamini angefika.

Mnyororo ulikatika Kamukuywa, saa tisa na nusu.

Fundi wa baiskeli kando ya barabara, kijana aitwaye Bramwel, aliipindua juu chini na kuanza kazi. Kidole chake kilisimama kwenye fremu.

"Mzee, hii ilichomelewa. Iligongwa na nini?"

"Lori."

"Na dereva alisimama, ama alihepa?"

"Alisimama."

"Angalau huyo ana roho. Wengine wanaenda tu." Bramwel alipiga nyundo mara mbili, kisha akauliza polepole, "Mwenyewe alipona?"

Jotham alitikisa kichwa.

"Pole sana, mzee wangu. Mtoto ni mtoto."

Jotham alitoa pesa za ufundi. Alitazama jua.

"Haya, enda," Bramwel alisema akiipindua baiskeli. "Lakini usisimame tena. Hiyo mnyororo nimeiomba tu."

Hakusimama. Simu ilipolia Chwele, aliipokea kwa mkono mmoja huku akikanyaga.

"Uko wapi?"

"Chwele, Mama Wangila."

"Unaendesha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Jua nimeliona juu ya mikaratusi," Dinah alisema, akakata.

Zile kilomita za mwisho Jotham hakuzikumbuka vizuri. Alikumbuka goti, na jina aliloliita kila alipovuka kijito, hadi sauti ikamkauka. Alipokata kona ya Kanduyi, jua lilikuwa limegusa miti. Lango lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na jamaa na majirani, nao waligeuka wote walipomwona akiingia, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu.

Alishuka.

"Wangila," alisema. "Tumefika."

Dinah aliinuka kwenye kiti chake. Alipitisha kidole mahali fremu ilipochomelewa, mara moja, taratibu. Kisha akawageukia watu wake.

"Mlitaka kumjua," alisema. "Ndiye huyu. Ndiye aliyekuwa kwenye usukani wa lile lori."

Hakuna aliyesogea. Dinah akaliinua beseni mwenyewe, akalitua miguuni pa Jotham.

"Oga," alimwambia. "Una vumbi."

Siku hizi Dinah haweki tena maji juani.