Shahidi wa Chemchemi

Kila asubuhi Mzee Gordon Oluoch aliweka mtungi wa lita ishirini chini ya bomba la chemchemi, akaanza kuhesabu. Ukijaa kabla ya sitini, maji yako sawa. Jumatatu ile alifika arobaini na mbili, na namba iliyofuata ikakataa kutoka mdomoni. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimwona akielemea upande mmoja taratibu, kama gunia lililopangwa vibaya, kisha akaanguka mferejini.

Alipopata fahamu alikuwa kitandani kwake, hatua thelathini kutoka chemchemi. Mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia hausikii. Jambo la kwanza alilomuuliza mkewe, Perez, lilikuwa kesi.

Kesi ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kaunti ilikuwa imeikodisha chemchemi kwa kampuni ya kuuza maji ya chupa kwa miaka thelathini na mitatu, na watu wa kijiji hiki cha Kajulu walikuwa wameenda kortini kusema kwamba maji yale ni ya umma, kaunti ilikabidhiwa tu iyatunze. Karatasi za zamani zilikuwa zimepotea ofisini, zote kwa siku moja. Kati ya watu waliokuwapo mwaka wa sabini na nne, madiwani walipoyaandika maneno hayo, aliyebaki hai ni mmoja tu: Mzee Oluoch, aliyekuwa fundi wao wa bomba.

"Nitafika," alimwambia Perez. Ilitoka kama kikohozi. Perez akasema ndiyo, atafika, akamgeuzia mto.

Watu walimiminika. Miaka arobaini alikuwa amewafokea kwa kufulia nguo karibu na bomba, nao walikuwa wamemwita mkali kuliko nyuki. Sasa walimletea uji, maziwa, samaki asiye na miiba, wakamkanda miguu. Mchungaji Odongo alikuja kila siku. Mwanzoni aliomba kwa sauti ya kutetemesha mabati, akimwamuru shetani aondoke. Baadaye maombi yakawa mafupi na ya chini: Bwana atimize mapenzi yake, na asichelewe. Mzee aliyapenda zaidi haya ya pili. Yalikuwa na adabu.

Jumamosi akaja Enos Wechuli, seremala na mwenyekiti wa kamati ya maji, na futi yake. Alisema kamati imeamua atengenezewe kiti cha kumbebea kortini. Alimpima kutoka utosini hadi visiginoni, kisha mabega, akaandika kiganjani.

"Wechuli, mimi nitaenda kukaa mbele ya jaji," Mzee alimtania, "siendi kulala."

"Fundi hupima yote, Mzee," Enos alijibu, akatoka bila kumaliza chai.

Nabalayo, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa akimpima presha kila siku baada ya chakula cha mchana. Jumapili, alipotoka, Mzee alisikia watu wakimzunguka chini ya dirisha. Mmoja aliuliza kama mgonjwa atafika Ijumaa.

"Moyo wake ni wa punda," Nabalayo alisema. "Atafika, na atapitiliza."

Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia.

Mzee machozi yalimtoka. Hakujua kwamba walimpenda kiasi hicho. Kuanzia siku hiyo aliacha kuwa mgonjwa, akawa mtu mwenye kazi. Alikunja na kukunjua vidole mara mia moja asubuhi, mara mia moja jioni. Aliufundisha mdomo wake ushahidi, neno kwa neno, akiuambia ukuta: "Maji haya hayana mwenyewe, mheshimiwa. Hata mwanangu Okello nilimzika Katito kwa babu yake, wala si hapa. Sisi kwetu, penye kaburi lako ndipo kwako, na hakuna mtu atakayekuondoa. Sikutaka mtu wa damu yangu aje aseme chemchemi ni yake."

Jumanne aliketi mwenyewe. Jumatano aliomba ugali, akaumaliza. Perez alikaa akimtazama akitafuna, mikono mapajani.

Alhamisi mchana, Perez akiwa nje, Mzee alishika fimbo, akaburura mguu hadi mlangoni.

Ua ulikuwa umejaa watu. Hema lilikuwa limesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, kuni zimerundikwa kando ya sufuria kubwa za kanisa. Fahali mmoja alikuwa amefungwa kwenye ua wa michongoma. Mzee alicheka. Hawa watu, kesi haijasikizwa na wameshaandaa karamu ya ushindi. Akainua mkono wake wa kulia, ule uliokuwa umekufa, ili wauone.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke aliyekuwa akikatakata kabichi aliweka kisu chini. Enos alitazama ardhi. Mchungaji Odongo alitazama saa.

Perez alikuja mbio, akamrudisha ndani, akafunga mlango. Mzee alimuuliza, huku akihema na kutabasamu, nani amewahakikishia kwamba kesho watashinda.

"Hakuna kesi kesho," Perez alisema. "Jaji aliitupa siku ya tatu baada ya wewe kuanguka, alipoambiwa hakuna karatasi wala shahidi. Kesho linakuja tingatinga la kampuni. Litabomoa nyumba hii, lichimbe hadi kwenye bomba." Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Kitu ambacho dereva hatakigusa ni kaburi."

"Kaburi la nani?"

Perez alimtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

"Siku tatu za kwanza tuliomba upone, Baba Okello," alisema. "Tangu hapo tunaomba ufe."