Ukurasa Uliobaki

Maandishi yalikuwa yakifutika pale pale yanaposomwa, kwa hiyo kila kitabu kilikuwa na msomaji mmoja tu. Ndiyo maana kila familia ilimwekea mtoto kitabu kisichoguswa, akabidhiwe siku atakayojua kuunganisha silabi.

Bi Rukaya aliwekewa chake na baba yake, mtu aliyependa kusoma kuliko kula, lakini kile cha mwanawe hakukifunua hata siku moja. Ndicho kilichomtia Rukaya ugonjwa wa kusoma, na mpaka uzeeni haukumtoka.

Leo ilikuwa zamu ya mjukuu wake, Salha. Mtoto akafungua ukurasa wa kwanza. Mweupe. Akafunua wa pili, akaharakisha mpaka katikati.

"Bibi, mbona hakina kitu?"

Bi Rukaya alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nilitaka kuonja ukurasa mmoja tu, mama. Halafu nikashindwa kuacha."

Salha hakulia, afadhali angelia. Aliendelea kufunua mpaka akaukuta ukurasa wa mwisho, ambao bibi yake aliuacha kwa kujikaza kweli kweli. Umejaa maandishi. Akakaa mapajani mwa bibi, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"M-to-to..."

Neno likafifia. Lakini kabla kidole hakijafika la pili, mstari mzima ulishatoweka, na wa chini yake ukaanza kwenda.

Salha akageuka, akamfunika bibi macho kwa kiganja.

"Usinimalizie, Bibi."

Nyuma ya kiganja kile, macho ya Bi Rukaya yalikuwa wazi, yakitafuta upenyo kati ya vidole.