Sindano ya Arobaini

Mjini Korogwe kila mwenye kisukari hupimwa macho mwezi kwa mwezi. Mishipa ya damu ikianza kuchipua pasipotakiwa, hudungwa dawa ya kuinyamazisha jeni inayoiita mishipa hiyo. Sindano ni moja, nayo hudumu maisha. Wajawazito peke yao huruhusiwa kukataa, kwa kuwa mtoto tumboni huhitaji wito huohuo ili akue.

Mwanahawa alikuwa na mimba ya miezi mitano jicho lake la kulia lilipoanza kuvuja damu. Mumewe, Shekiondo, alimsihi akubali.

"Daktari kasema itakayomfikia mtoto ni kidogo mno."

"Kidogo si hakuna," akajibu. "Nitangoja."

Ukungu ulitanda jicho la kulia, kisha la kushoto likaanza. Akazoea kuchambua mchele kwa vidole. Mtoto wa kike alizaliwa salama, na siku hiyohiyo mama akadungwa. Jicho la kushoto likaokoka. La kulia halikurudi.

Siku ya arobaini muuguzi alibisha hodi, mkononi ana sindano ndogo. Alieleza kwa upole kwamba watoto wa wenye kisukari sasa hudungwa mapema, kabla ugonjwa haujaja, mzazi mmoja akiridhia.

Mwanahawa alimkumbatia mtoto. "Na siku macho yake yakihitaji kuita damu?"

Muuguzi alipekua faili lake, akalifunga. "Hakuna aliyewahi kuuliza, dada."

Shekiondo aliinamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kuweka sahihi.