Mwizi wa Vya Kushoto

Kiatu cha kumi na moja kilipotea asubuhi, na kama wenzake kumi, kilikuwa cha kushoto.

Mama Stoo alikaa juu ya ngazi, maboksi yamemzunguka mpaka darini, kakipakata cha kulia kama yatima. Miaka tisa anatunza stoo ya duka hili la viatu, hajawahi kupoteza hata kamba. Utaratibu wenyewe hauna kona: cha kushoto kinakwenda dukani, kwenye rafu, watu wakitazame. Cha kulia kinabaki stoo, ndani ya boksi, chini ya ufunguo wake. Mwizi aibe mguu mmoja aupeleke wapi?

Basi kapatikana mwenye pa kuupeleka.

"Saa kumi," Bosi alisema, kaingiza kichwa tu mlangoni. "Ikifika saa kumi sina mwizi, basi na mtunza stoo sina."

"Bosi, ufunguo wa vya kulia ninao mimi! Ningekuwa mwizi si ningeiba jozi?"

Bosi akafikiri, ikamshinda, akaondoa kichwa.

Aliyebaki kumfariji ni Mlinzi wa mlangoni, baba wa watoto sita, mpole kama maji ya mtungini.

"Dada yangu, usilie. Hapa tusitafute mwizi. Tutafute mguu."

"Mguu gani tena?"

"Mtu mwenye mmoja tu. Wa kushoto."

Mama Stoo akamtazama. Mtu ana akili kuliko mshahara wake huyu!

Saa nane, kweli bwana, mzee mmoja akaingia na mkongojo wake, suruali kaikunja upande mmoja. Mlinzi hakungoja salamu.

"Huyo! Mshikeni!"

Wauzaji wakaruka kaunta. Mama Stoo akachomoka stoo mbio, boksi mkononi kama rungu. Mzee akawatazama mmoja mmoja, kisha akautazama mguu wake, kama anahakikisha.

"Wanangu, huu ni wa kulia. Cha kushoto nikakivae wapi, sikioni?"

Bosi, uso umemshuka, akamuuzia raba kwa nusu bei. Mzee akavaa cha kulia, akakiweka cha kushoto juu ya kaunta.

"Hiki mpeni mwizi wenu," akasema, akaenda zake.

Saa kumi kasorobo Mlinzi akaaga. Jioni hulinda duka la viatu la binamu yake Bosi, mtaa wa pili, na kuchelewa hapendi.

"Dada, Mungu ni mkubwa," akasema, begi begani, akatoka.

Mama Stoo akageuka akichukue kile cha kaunta. Hakipo.

Cha kumi na mbili!

"Mpigie binamu yangu," Bosi akasema, macho kwenye saa ya ukutani. "Muulize kama ana vya kushoto vya kutuuzia, walau nipunguze hasara. Ukimaliza, kusanya vitu vyako."

Mama Stoo akapiga, akaweka sauti kubwa. Akaeleza shida yao kwa kifupi, bila kumtaja mzee.

"Vya kushoto?" Binamu akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Njooni mchukue bure! Ninavyo kumi na moja hapa stoo, wajane watupu. Sisi rafuni tunapanga vya kulia, na kuna mwendawazimu anavibeba kimoja kimoja."

Bosi akasogea karibu na simu.

"Ila hafiki mbali," Binamu akaendelea. "Nina mlinzi mmoja hapa, kichwa kweli kweli. Kaniambia nisitafute mwizi, nitafute mtu mwenye mguu mmoja tu. Wa kulia."